Wanawake Tisa Niliowavisha

Jacinta na Mwanaidi, mmenisumbua tangu siku ya keki ya kuniaga niwaandikie kazi yetu ilivyokuwa kabla yenu. Sasa niko nyumbani Wundanyi, miguu juu ya kigoda, sina kisingizio. Vyeo sitavieleza, maana nilikuwa nacho kimoja tu, cha "yule wa ndani", na mshahara ni siri yangu na madam. Nitaeleza kazi. Mkiona nimerefusha mahali, jueni hapo ndipo paliponigusa.

Nilifika Riyadh kama wenzangu wengi, ikama yangu, kile kibali cha ukaazi, ikisema mfanyakazi wa nyumbani. Kafili wangu, yaani mdhamini, alikuwa mume wa Madam Nuha, na Madam Nuha alikuwa na studio ya picha. Mbele palikuwa na kaunta ya wanaume, ambako ndugu yake, Ustadh Bakri, alipiga picha za pasipoti na kugombana na wateja waliokataa kuvua miwani. Nyuma ya ukuta kilikuwa chumba chetu cha wanawake, chenye mlango wake, na kati ya pande hizo mbili palikuwa na kidirisha chenye kifuniko cha mbao. Picha ya mwanamke ikifika kwa Bakri hakuitazama. Aliipitisha kidirishani, uso chini. Picha za wanawake zilipigwa, zikasafishwa na kuchapishwa na wanawake, na mwenyewe akishachukua kazi yake hatukubaki na nakala. Hiyo ndiyo sheria niliyofundishwa kabla hata ya kuonyeshwa choo kilipo.

Siku yangu ya kwanza studio nilikwenda kupiga deki. Msichana wa kushika taa alikuwa mgonjwa, bibi harusi ameshakaa kitini na jasho linaanza kuharibu poda, ndipo Madam Nuha akaniita.

"Wakesho, acha ndoo. Shika hii."

Nikaishika taa kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake. Bibi harusi akaniambia nisogee kushoto, mama yake akaniambia nisogee kulia, na Kiarabu changu wakati huo kilikuwa yalla na mafi, haya twende na hakuna. Nikasimama palepale. Picha zikatoka nzuri, wakasema nina jicho. Jicho sikuwa nalo, nilikuwa na woga tu.

Aliyenipa jicho ni Ilham, mama wa Kisudani aliyekaa kwenye meza ya dirishani. Zile zilikuwa enzi za filamu. Ilham alisafisha nyuso juu ya negativu kwa penseli aliyoichonga hadi ikawa kama sindano, na madoa ya kwenye karatasi aliyaziba kwa brashi yenye nywele chache kuliko nyusi zangu. Brashi ile unailowesha kwa ulimi, kidogo tu, ili ncha isimame. Mwezi wa Ramadhani ulimi ulikuwa haufai, basi Ilham alitumia kipande cha sifongo, na mimi niliye Mkristo nikatumia sifongo pia, maana sikuweza kukaa mbele yake nikilambalamba brashi kama mtoto mwenye aiskrimu. Kazi ya Ramadhani ilitoka mbaya kidogo kila mwaka na hakuna mteja aliyewahi kujua kwa nini.

Kulikuwa na kazi moja tuliyoifanya sana, nanyi mnaifanya mpaka leo: picha za sebuleni. Mama ana picha nzuri ya harusi ya dada yake, anataka kuitundika ukutani, lakini sebuleni huingia shemeji na wageni. Basi unamchorea mikono ya nguo. Unapandisha shingo ya gauni, unaongeza mtandio, unafuta kovu, unajaza shavu la aliyetoka kuugua. Nimeshona mikono ya nguo mingi kuliko fundi cherehani yeyote wa Voi, na sijawahi kushika uzi.

Kesi ngumu ya kwanza niliyoiona haikuwa yangu. Alikuja mama aliyefiwa na mtoto mchanga. Alikuwa na picha moja tu ya mtoto huyo, na ndani yake mtoto alikuwa amefumba macho. Akamwomba Ilham amfumbue. Nilidhani Ilham atakataa. Aliuliza tu macho ya baba yana rangi gani, akakaa na penseli yake siku mbili. Yule mama alipoiona picha alimbusu Ilham mkono, na Ilham akaenda kunawa uso bafuni. Tangu siku hiyo niliamini kwamba kazi yetu ni huruma, na kwamba huruma maana yake ni kuongeza kilichokosekana. Niliamini hivyo miaka mingi na nilikuwa na sababu.

Kompyuta zikaja, Ilham akarudi kwao Omdurman na penseli zake. Madam Nuha akahamia Jeddah na studio yake, karibu na mtaa wa Al-Hamra, na kidirisha chake kikahama naye. Alimwonyesha seremala kipimo kabla hajaulizia bei ya milango. Ustadh Bakri akaja pia, ameshaota mvi. Fremu tulinunua Balad, mji mkongwe, kwa mzee mmoja aliyekuwa akikata mbao huku akinituhumu kwamba Kenya hakuna mvua. Huko Jeddah ndiko nilikofanya kosa ninalotaka kuwaeleza, na mengine yote niliyoandika hadi hapa ni ya kunipa ujasiri wa kulifikia.

Asubuhi moja kidirisha kiligongwa. Kwa kawaida Bakri haongei, anasukuma bahasha na kuondoka. Siku hiyo aliishikilia. Niliona vidole vyake tu.

"Ni wanawake," akasema. "Nimefungua nikidhani ni vyeti. Hawana nguo za kutosha. Mungu awarehemu. Usimwonyeshe mtu asiyehusika."

Bahasha ikaingia, kifuniko kikafungwa taratibu. Ndani mlikuwa na picha kumi na moja ndogo, nyeusi na nyeupe. Nilitazama ya kwanza nikaiweka chini. Wanawake wamekaa ardhini nje ya mabweni ya mbao, vichwa vimenyolewa, miguu kama vijiti vya kuokea mishikaki. Wengine wamejifunika blanketi nusu mwili. Wengine wamelala, na sikujua kama wamelala kweli. Nilikuwa nimewahi kusikia habari hizo shuleni, katika somo la Vita vya Pili vya Dunia, mistari minne ubaoni na kengele ikalia. Sikuwahi kuwaona uso kwa uso.

Mwenye picha aliingia kwa mlango wetu akishikwa mkono na dereva wake, Mutua, kijana wa Machakos aliyeishia kizingitini kwa adabu. Alikuwa bibi mrefu, amevaa abaya, ngozi nyeupe iliyokunjamana, na Kiarabu chake kilikuwa kizuri mara kumi kuliko changu. Jeddah nzima ilimwita Umm Sami. Alizaliwa Uholanzi, akaja Jeddah msichana, muuguzi, akaolewa na daktari wa hukohuko, akasilimu, akamzika mumewe, na mwanawe Sami yuko ng'ambo. Alikaa akanieleza bila haraka.

Mama yake, kabla hajaolewa, aliwaficha majirani darini kwao, mume na mke na mabinti zao wawili. Walikuwa Wayahudi. Wanazi wa Ujerumani walikuwa wameiteka nchi na walikuwa wakiwasaka Wayahudi nyumba hadi nyumba kwa kosa la kuzaliwa hivyo walivyozaliwa. Wote wakakamatwa, wakapelekwa makambini. Majirani hawakurudi hata mmoja. Mama yake alirudi, kwa sababu majeshi yalifika kambini yeye akiwa bado anapumua, na askari mmoja mwenye kamera alipiga picha siku ile lango lilipofunguliwa. Baadaye alimtumia nakala hizi kumi na moja.

"Mama yangu yumo katika hii," akasema Umm Sami, akatoa moja. Wanawake tisa, wamekaa mstari mmoja, wanaitazama kamera. "Aliniambia yumo. Nilipouliza ni yupi, aliigeuza picha kifudifudi, akasema tule kwanza. Amekufa bado tunakula kwanza."

Alikuwa na picha nyingine za mama yake, za baadaye, mnene, amesimama na baiskeli akicheka. Kati ya mama huyo na wale tisa hakuweza kuunganisha. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa. La kulia lilikuwa linavuja damu ndani, na daktari hakumwahidi kitu. Alitaka picha zikuzwe, zisafishwe vumbi na ukungu, ili amtafute mama yake kabla jicho halijazimika.

"Ziwe wazi," akasema. "Ni hilo tu. Ziwe wazi nione."

Nilimwambia arudi baada ya siku kumi na mbili. Nazikumbuka kwa idadi kwa sababu ni mimi niliyezitaja, na angeweza kuhudumiwa kwa tatu.

Nilianza vizuri, kwa vumbi na mikwaruzo. Kisha, katika ile ya wanawake tisa, nikafika kwenye bega la yule wa tatu kutoka kushoto, lililokuwa wazi mpaka ubavuni, mbavu zikihesabika, na mkono wangu ukafanya ulichozoea kufanya. Nikavuta blanketi likamfunika. Likamkaa vizuri. Nikaona si haki kumfunika mmoja nikamwacha mwingine. Nikawachorea mikono ya nguo wote tisa, nguo za heshima, shingo juu. Nikafuta vidonda vya midomoni. Nikajaza mashavu, kidogo, kama ya mtu anayepata nafuu. Nilifanya kazi hiyo nikilia na nikiimba tenzi, na niseme ukweli, sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Nilikuwa nikiwaambia, haya, wewe nawe, njoo uvae.

Siku ya kumi na mbili Umm Sami alikuja, akakaa karibu na dirisha na kioo chake cha kukuzia. Nilisimama pembeni nikisubiri shukrani. Alipitisha kioo juu ya karatasi polepole, akaenda mpaka mwisho, akarudi.

"Nani kawapa nguo?"

"Mimi, khala," nikasema, kama ninavyomwita mama mdogo kwa Kiarabu.

"Na chakula?"

Nikasema na chakula pia ni mimi.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliweka kioo mapajani akanishika mkono.

"Binti yangu, ulichowafanyia ndicho kila mtu alichopaswa kuwafanyia wakati ule. Hakuna aliyewafanyia. Ukiwavisha leo, kesho atatokea mtu aseme, mbona walikuwa wamevaa, mbona wameshiba? Na mimi nitamjuaje mama yangu? Umewapa wote shavu moja."

Nilitazama picha, nikaona ni kweli. Walikuwa tisa wa familia moja, wazuri, ambao hawajawahi kuwapo duniani. Zile mbavu, vile vidonda, mfupa wa shavu ulivyosimama kwa huyu na ulivyolala kwa yule, hivyo ndivyo vilivyokuwa vimebaki vya kumtofautisha mtu na mwenzake, na mimi nilikuwa nimevifuta kwa upendo. Kidirisha kilikuwa wazi kidogo, na upande wa pili nilimsikia Bakri akikohoa, akakifunga. Yeye aliwaona kwa sekunde moja akainamisha macho, na hakuwapunguzia wala kuwaongezea chochote. Niliona haya.

Nikamwomba siku tatu. Nikapitisha picha upya kwenye skana, nikaondoa vumbi tu, ukungu tu, na kila mkono wangu ulipotaka kwenda begani niliukalia. Sifanyi mzaha. Niliukalia kweli, nikafanya kazi kwa mkono mmoja.

Halafu nikamtafuta mama. Nilitaka nikimpa picha nimrahisishie kazi. Sisi wa kazi hii tunajua kwamba mtu akikonda, pua hubadilika, macho huzama, mdomo hupotea, ila sikio hubaki lilivyo. Na wale walikuwa wamenyolewa, masikio yote nje. Nikalikuza sikio la mama wa baiskeli, katika picha aliyoniachia Umm Sami: ndewe yake, ile nyama ya chini ya sikio, haining'inii, imeshikana na shavu, na juu ina kikunjo kidogo kama ukingo wa chapati. Nikapita wanawake tisa mmoja mmoja. Saba hawakuwa. Wawili walionekana kuwa na sikio hilohilo, wa nne na wa tano. Kwa mmoja kikunjo kilionekana vizuri, ila kulikuwa na kivuli kwenye ndewe. Kwa mwingine ndewe ilikuwa wazi, ila juu palichafuka tangu picha inapigwa. Nilijaribu kila nilichofundishwa na Ilham na kila kilichokuja baada yake. Sikuweza kuwatenganisha.

Siku ya tatu Mutua alikuja peke yake. Alisimama mlangoni akizungusha funguo kidoleni.

"Dada Wakesho, mzee wangu Umm Sami amesema nikuchukue na hizo picha. Jicho limeenda. Tangu juzi. Hospitali wamesema halas, hakuna kitu watafanya."

Nilikaa. Siku kumi na mbili nilizotumia kushona nguo, jicho lilikuwa bado linaona. Madam Nuha aliniona uso, akaniambia chukua abaya yako uende, kazi nyingine zitasubiri. Hakuuliza mengi, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Garini nilimweleza Mutua habari ya masikio mawili. Alifikiri mpaka tukavuka taa mbili.

"Sasa dada, si uchague tu mmoja? Mzee haoni. Mwambie ni huyu hapa, afurahi, alale. Nani ataumia?"

"Wewe endesha."

"Mi nakuambia tu. Amengoja maisha yake yote huyu."

Msidhani nilimdharau. Nilikuwa nimeshawaza hivyo kabla yake. Nilimkumbuka yule mama wa mtoto mchanga na furaha yake, na macho ambayo hayakuwa ya mtoto. Kutoka studio hadi kwake Al-Hamra si mbali, na njia nzima nilimchagua wa nne, nikamwacha, nikamchagua wa tano, nikamwacha. Nilikuwa na uwezo wa kumpa bibi yule mama yake kwa neno moja, na baada ya nilichomnyang'anya, niliona nina deni la kumpa.

Alikuwa sebuleni, ameketi ameelekea dirishani kwa mazoea. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha wa zile siku. Akanigusa kichwani, akasema jicho lile lilikuwa njiani kuondoka kabla hajanijua, nisijipe ukubwa. Akaniambia nivute kiti.

"Umempata?"

Hapo, wanangu, ndipo kazi yangu ya miaka yote ilipokuja kukaa mbele yangu na kunitazama. Nikasema, "Sijui, khala. Ni mmoja kati ya wawili. Nimejaribu, sijui ni yupi. Ningekwambia najua, lakini sijui."

Mutua kule mlangoni alitazama viatu vyake. Nilijua nimemvunja moyo bibi yule mara ya pili, na safari hii kwa makusudi.

"Hao wawili," akasema hatimaye, "wamekaa mbali?"

"Wamekaa pamoja. Mmoja amemwegemea mwenzake."

"Yupi kamwegemea yupi?"

"Wa nne kamwegemea wa tano."

"Kuna anayecheka?"

"Hapana. Hakuna anayecheka. Wa tano amefumba mdomo kama mtu anayesubiri kuulizwa swali. Wa nne anaangalia kamera lakini sidhani kama anaiona."

Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke. Akasema basi mmoja alimzaa, na mwingine alimshika mama yake asianguke, na yeye hana haja ya kumfukuza yeyote kati yao. Nikamwongoza kidole chake kwenye karatasi, juu ya wa nne, juu ya wa tano. Alikaa nacho hapo. Nilidhani tumemaliza, nikaanza kufunga bahasha.

"Unakwenda wapi?" akauliza. "Bado saba. Labda yuko mtu mahali anawatafuta na hajui. Niambie nao walivyo, mmoja mmoja. Usimwongezee mtu kitu."

Nikarudi kitini. Nikakishika kidole chake, nikakipeleka mwanzo wa mstari, upande wa kushoto.

"Huyu ni mrefu," nikasema. "Ana kidonda mdomoni. Amekunja miguu, na hana viatu."